Kitabu gani cha kwanza? Juu ya vitabu vinavyofundisha programu za vitu

Mwaka huu watu watatu wametuuliza swali moja. Wa kwanza ni kijana wa shule ya ufundi, wa pili ni mwalimu wa hesabu, wa tatu ni dada anayeshika hesabu za kooperative ya kahawa. Kila mmoja, kwa maneno yake, ameuliza hivi: «Nipate wapi kitabu kizuri cha kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa njia ya vitu, ile Wafaransa wanayoiita orientée objet?»

Tungeweza kuwajibu kwa mstari mmoja na kuwaaga. Lakini yule kijana wa shule ya ufundi amekwisha kulipia jibu baya. Alikwenda mjini, akanunua fotokopi ya kitabu cha lugha ya C++, kurasa zaidi ya mia tisa, zimefungwa kwa kamba. Muuzaji alimwambia hakuna kitabu kinachokipita. Akakaa nacho. Mfano wa kwanza kabisa, ule wa kuandika salamu kwenye kioo cha kompyuta, mashini iliukataa. Akauandika upya, ukakataliwa tena. Miezi miwili alidhani kosa ni lake, kwamba kichwa chake hakifai kwa kazi hii. Siku aliyotuletea karatasi zake tuliona ugonjwa mara moja: mstari wa kwanza unaita faili iostream.h. Jina hilo halimo katika kanuni za kimataifa zilizowekewa lugha ya C++ mwaka 1998, na mashini za siku hizi hazilipokei. Kitabu kiliandikwa kabla ya kanuni hizo. Kijana hakuwa mjinga hata kidogo; alikuwa akifuata ramani ya mji uliokwisha kujengwa upya.

Basi shauri letu la kwanza ni dogo: kabla ya kutoa faranga, fungua ukurasa wa mwanzo, utazame mwaka. Lakini msifikiri kwamba kitabu cha zamani ni kibaya sikuzote. Kinachochakaa upesi ni maneno ya lugha ya mashini. Namna ya kufikiri haichakai hivyo, na baadhi ya kurasa bora tutakazozisifu hapa zina umri wa zaidi ya miaka thelathini.

Tuseme kwanza jambo lenyewe ni nini, kwa ajili ya wale wasiolijua. Zamani programu iliandikwa kama orodha ya amri: fanya hili, kisha lile. Habari zote ziliwekwa mahali pamoja, na kila amri iliweza kuzigusa. Programu ilipokuwa ndogo, hapakuwa na shida. Ilipokuwa kubwa, amri moja iliharibu habari ya nyingine, na hakuna aliyejua nani ameharibu. Katika miaka ya 1960, huko Oslo katika nchi ya Norway, mabwana wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitaka kuiga ndani ya kompyuta mambo ya dunia: watu wanaongoja zamu yao, kazi zinazopita kutoka mashini moja hata nyingine. Wakaona yafaa kila kitu kishike habari zake chenyewe na kijue kazi zake chenyewe. Lugha yao, Simula 67, ndiyo mama wa lugha zote za namna hii. Baadaye, katika miaka ya 1970, Alan Kay na wenzake, akina Dan Ingalls na Adele Goldberg, walitengeneza Smalltalk katika maabara ya Xerox huko California. Kwao kila kitu huzungumza na vingine kwa kupelekeana ujumbe. Klasi (si ile ya shule, wasomaji) ni kama kalibu ya matofali: kalibu ni moja, matofali ni mengi, na kila tofali lina mahali pake ukutani.

Hayo ndiyo yote? Karibu yote. Sasa tazameni vitabu vingi vinavyoyafanya.

Fungueni kitabu chochote cha rahisi, na mara tisa katika kumi mtakutana na wanyama. Kuna klasi Mnyama. Mbwa ni mtoto wa Mnyama, Paka ni mtoto wa Mnyama. Mwambie mbwa alie, atabweka. Mwambie paka alie, atanyau. Msomaji anacheka, anageuza ukurasa, anadhani ameelewa. Sisi twasema mfano huu umewapoteza watu wengi kuliko mfano wowote mwingine. Kwa nini? Kwa sababu unafundisha urithi kwanza, kana kwamba kazi yote ni kuchora mti wa ukoo. Tena unamfanya mwanafunzi aulize, «Kitu hiki ni nini?» badala ya kuuliza, «Kitu hiki kinafanya nini, na kinamsaidia nani?» Hakuna mtu anayelipwa kuandika programu ya kulia kwa paka. Mwanafunzi akipewa kesho kazi ya hesabu za kahawa, atatafuta nani ni baba wa nani kati ya gunia, mkulima na mizani, naye hatapata kitu.

Na urithi wenyewe una mtego. Chukueni mfano unaojulikana sana, wa mstatili na mraba. Shuleni tumefundishwa kwamba kila mraba ni mstatili. Basi mwanafunzi anaandika klasi Mraba kuwa mtoto wa klasi Mstatili. Mstatili unapokea amri mbili: badili upana, badili urefu. Mraba nao umezirithi. Lakini pande zake sharti zilingane, kwa hiyo ukibadili upana, na urefu wabadilika. Sasa fundi mwingine ameandika mahali pengine: weka upana 4, weka urefu 5, eneo liwe 20. Amepewa mraba bila kujua. Anapata 25. Hakukosa yeye, wala mwalimu wa jiometria hakudanganya. Kosa ni kudhani kwamba undugu wa vitabu vya hesabu ndio undugu wa programu. Mama Barbara Liskov wa Marekani alilieleza jambo hili mwaka 1987, na mwaka 1994 akaliandika kwa utaratibu pamoja na Jeannette Wing: mtoto lazima aweze kusimama mahali pa mzazi bila kumshtua yule aliyemtegemea mzazi. Kitabu cha mwanafunzi kisicholigusa jambo hili, mkirudishe kwenye rafu.

Mtu atasema, «Basi nianze na kitabu cha wakubwa.» Naye ataonyeshwa Design Patterns cha mwaka 1994, kilichoandikwa na watu wanne, Gamma, Helm, Johnson na Vlissides. Hatutakisema vibaya kitabu hiki. Kina mifano 23 ya namna mafundi wazoefu wanavyopanga vitu vyao, na tangu mwanzo kinashauri kuunganisha vitu vidogo kuliko kurithisha. Sura ya pili, inayojenga chombo cha kuandikia kiitwacho Lexi, tumeisoma zaidi ya mara moja kwa furaha. Lakini hiki ni kamusi. Nani alijifunza kusema Kifaransa kwa kusoma kamusi tangu herufi A? Tumewaona wanaoanza nacho: wanakariri majina, kisha wanatafuta mahali pa kuyapachika. Programu ya kurasa mbili inapambwa mifano sita, kama mtoto aliyevikwa koti la babu yake. Mkikipata, kiwekeni kabatini. Siku mtakapoudhika na shida ile ile mara ya tatu, kifungueni, mtakuta shida yenu imepewa jina.

Kitabu kingine kizito ni kile cha Bertrand Meyer, Mfaransa, kilichotoka mwaka 1988 na kupanuliwa mwaka 1997 mpaka kurasa zaidi ya 1.200. Meyer ana hoja moja ambayo watu wetu waliozoea mikataba ya kooperative wataielewa haraka. Kila kazi ya kitu, asema, iwe na mkataba. Mwenye kuomba ana wajibu wake, na mwenye kutenda ana ahadi yake. Ukitaka kutoa fedha katika hesabu, sharti fedha unazoomba zisipite zilizomo. Na hesabu inakuahidi kwamba baadaye zitakuwa zimepungua kwa kiasi kile tu, si zaidi. Mkataba ukivunjwa, tunajua mara moja nani ameuvunja. Yule dada wa kahawa alipoyasikia hayo alisema, «Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.» Lakini Meyer ni mwenye maneno mengi, mwenye ugomvi na wenziwe wengi, tena ana tabia ya ajabu: chapa ya pili yatumia lugha yake mwenyewe tangu mwanzo bila kuitaja jina, mpaka mwishoni kabisa ndipo anafichua kwamba ni Eiffel. Twakubali ni mzaha mzuri, ila mwanafunzi anayetaka kujaribu mfano usiku huu hauoni mzuri. Someni sura za mkataba. Nyingine zaweza kungoja.

Juu ya Head First Java cha Kathy Sierra na Bert Bates, cha mwaka 2003, hatukupatana sisi kwa sisi. Mmoja wetu hakipendi: picha kila mahali, mizaha ya Kimarekani ambayo msomaji wa Kalemie ataitazama asijue acheke wapi. Wengine wetu twasema mizaha ile inapita, na mafundisho yanabaki. Karibu na mwanzo kuna hadithi ya mafundi wawili wanaoshindania kiti kizuri cha ofisini. Wote wawili wanaandika programu ya kuzungusha maumbo: mraba, duara, pembetatu. Mmoja anaandika kwa amri, mwingine kwa vitu. Kisha mkuu wao anakuja na umbo jipya, amiba, lisilozunguka kama mengine. Yule wa amri analazimika kufungua tena kazi aliyokwisha kuimaliza na kuijaribu. Yule wa vitu anaongeza klasi moja pembeni. Tangu hapo msomaji anajua kwa nini watu walijisumbua kuvumbua mambo haya, na vitabu vingi havimwambii kamwe. (Kiti hakupewa hata mmoja wao, alikipata mama wa ghorofa nyingine.) Mkikinunua, tafuteni chapa ya tatu ya mwaka 2022, maana lugha ya Java imebadilika sana.

Sasa tuje kwenye kitabu tulichokipenda kuliko vyote. Mwandishi wake ni Mama Sandi Metz, nacho chaitwa Practical Object-Oriented Design in Ruby, cha mwaka 2012. Chapa ya pili ilitoka mwaka 2018. Tumekisoma kwa Kiingereza, polepole, kamusi mkononi. Kiingereza chake si kigumu. Na mfano wake mkuu ni nini? Baiskeli! Si paka, si duara, bali chombo ambacho msomaji wetu amekwisha kukifungua kwa mikono yake kando ya njia.

Mama Metz anaanza na meno ya mnyororo. Gurudumu la mbele la meno lina meno 52, la nyuma lina 11. Gawanya, unapata karibu 4,7: ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu la nyuma linazunguka mara nne na zaidi. Basi klasi ya meno inajua hesabu hiyo. Vizuri. Kisha mwendesha baiskeli rafiki yake anasema, «Lakini nina baiskeli mbili zenye meno yale yale na magurudumu yasiyolingana, nataka hesabu inayojali ukubwa wa gurudumu.» Mwandishi anaongeza rimu na tairi ndani ya klasi ile ile ya meno. Programu inatoa jibu la haki. Hapo mwalimu mwingine angesema, «Tumemaliza.» Yeye anasimama, anaiuliza klasi yake: «Ewe meno, unene wa tairi lako ni kiasi gani?» Swali lachekesha, maana meno hayana tairi. Kwa kicheko hicho msomaji anatambua kwamba kitu kimepewa kazi isiyo yake, na gurudumu linatolewa kuwa klasi yake lenyewe. Hakutumia neno gumu hata moja. Alitufundisha kuuliza kitu swali na kusikiliza kama swali lina maana.

Mbele zaidi kuna safari ya kutembeza wageni kwa baiskeli. Fundi aziandae baiskeli, mratibu anunue chakula, dereva ajaze mafuta. Mwanafunzi mbichi anaandika: ikiwa huyu ni fundi, mwambie hivi, ikiwa ni mratibu, mwambie vile, ikiwa ni dereva, mwambie vingine. Siku akija mpishi, kila kitu kifunguliwe upya. Mama Metz anasema kwa nini safari imjue kila mtu na kazi yake? Safari iseme neno moja kwa wote: «Andaa safari hii.» Kila mmoja anajua la kufanya. Hivyo ndivyo inavyokuwa katika nyumba yenye arusi: mwenye nyumba hamfundishi mpishi kuwasha moto.

Tuna lawama mbili juu yake. Lugha ya Ruby, iliyotolewa na Mjapani Yukihiro Matsumoto mwaka 1995, ni nzuri, lakini kwetu wanaoitumia ni wachache, na mwanafunzi wa Java au Python itambidi afasiri kila mfano. Tena kitabu hakimfai asiyejua kabisa kuandika programu. Chamtaka awe amekwisha kuandika kidogo na kujikwaa.

Kwa asiyejua kitu kabisa, na asomaye Kifaransa kuliko Kiingereza, jibu letu ni Mbelgiji Gérard Swinnen, mwalimu, na kitabu chake Apprendre à programmer avec Python. Mwandishi ameruhusu kila mtu akinakili na kumpa mwenzake, mradi asifanye biashara nacho. Muuzaji wa fotokopi hana neno hapa! Sehemu yake imetokana na kitabu cha Mmarekani Allen Downey, kilichoachwa huru vilevile. Swinnen hana haraka. Vitu na klasi vinakuja baada ya msomaji kuzoea amri, maneno na mafaili, na baadaye kuna mchezo wa mizinga inayopigana, ambao vijana hawatauacha. Upungufu wake ni kwamba anaonyesha vizuri jinsi klasi inavyoandikwa, lakini anasema machache juu ya lini isiandikwe. Kwa hilo mwende kwa Mama Metz.

Yuko pia Hugues Bersini, profesa wa Bruxelles, aliyeandika kwa Kifaransa kitabu juu ya programu za vitu akiweka Java, Python, C++ na nyingine ubavu kwa ubavu. Naye ana wanyama! Lakini wanyama wake ni mwindaji na windo lake, majani na maji, vinavyotendeana. Mnaona tofauti? Paka wa vitabu vile vingine yuko peke yake, analia tu. Hapa mnyama ana shughuli na mwenziwe. Lugha nyingi pamoja zinamchosha anayeanza. Mwalimu wa hesabu, yeye, amekifurahia mno.

Tumebakiza kilicho kifupi kuliko vyote, na kwa hali yetu pengine chafaa kuliko vyote. Mwaka 1989 Wamarekani Kent Beck na Ward Cunningham waliandika makala ya kurasa chache tu juu ya kufundisha kufikiri kwa vitu. Hakuna kompyuta ndani yake. Kuna vikadi, vya kama sentimeta 10 kwa 15. Juu ya kila kadi unaandika jina la kitu. Upande mmoja, wajibu wake. Upande mwingine, wenzake anaosaidiana nao. Halafu watu wanashika kadi mikononi na kuigiza kazi ya programu.

Tulijaribu jioni moja umeme ulipokatika, watu tisa, taa mbili. Kazi: maktaba yetu ndogo ya kuazima vitabu. Kijana wetu wa C++ alitaka kuanza na mti: Mtu, chini yake Msomaji, chini yake Mtunza-maktaba. Mwalimu akamwuliza, «Na mtunza-maktaba akiacha kazi, akabaki msomaji tu, atazaliwa upya?» Mti ukafutwa. Tukagawa kadi: Kitabu, Msomaji, Maktaba. Likaja swali, nani anajua kwamba kitabu kimechelewa kurudi? Aliyeshika Kitabu akasema, «Mimi sijui tarehe, mimi ni kitabu.» Msomaji akasema, «Mimi najua, lakini msiniamini.» Kicheko kikubwa. Maktaba ikasema inaweza kukumbuka yote, na kwa robo saa kadi yake ikajaa maandishi mpaka pembeni. Ndipo yule dada wa kahawa akachukua karatasi tupu, akaandika jina ambalo hakuna aliyelitaja: Azimo. Azimo lajua nani, kitabu gani, tangu lini, mpaka lini. Mwulize lenyewe kama limechelewa. Kadi ya Maktaba ikapumua.

Kurasa zile chache zilitupa jioni hiyo kitu ambacho kurasa mia tisa hazikumpa kijana katika miezi miwili. Makala hiyo, pamoja na kitabu cha Swinnen, imo sasa katika sanduku la maktaba. Anayetaka kusoma amwone mtunzaji baada ya Misa ya pili. Kitabu cha Mama Metz ni kimoja tu, kinaazimwa kwa wiki mbili, na orodha ya wanaongoja ni ndefu.

Kijana yuko na Swinnen, amefika kwenye mizinga. Ile fotokopi yake ya C++ bado tunayo. Ilichapwa upande mmoja tu, na mgongo wa karatasi ni mweupe. Ndiyo tuliyokata vikadi.